Aliyevuta Komeo

Rafiki yangu, fundi wa vitasa, si mtu wa kutia chumvi. Hata kichekesho kikimpata humfia mdomoni. Basi nawaambia kama alivyoniambia.

Mchana mmoja mama mmoja alimvamia kibandani, peku, anahema. "Kaka, nisaidie! Nimetoka kuanika nguo, upepo ukafunga mlango. Mtoto yuko ndani na sufuria iko motoni!"

Wakakimbia. Ngazini kulikuwa giza, na moshi ulishaanza kupenya chini ya mlango. Mama akashuka tena kutafuta maji. Fundi akachokonoa kitasa, kikaachia upesi, lakini mlango haukusogea. Ulikuwa umefungwa komeo kwa ndani, huko juu.

"Mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, mjomba," ikajibu sauti ndogo, karibu kabisa na tundu la ufunguo. "Huku giza."

"Panda kiti, uvute komeo."

Hakusikia kiti kikiburutwa. Alisikia chuma tu kikikwaruza, kisha mlango ukafunguka.

Mama alifika na ndoo, akampita mbio, akazima jiko, akatoka akikohoa na kichanga kifuani.

"Na yule mkubwa?" fundi akauliza.

"Mkubwa yupi, kaka? Ninaye huyu tu, hata kukaa hajajua."

Fundi akageuka. Mlango ulikuwa unajirudisha wenyewe. Ulipojifunga, akasikia komeo nalo likirudi mahali pake kwa ndani, polepole, kama linasukumwa na mtu anayechelea kumwamsha mtoto.