Jina la Nyla Kwenye Fomu Mbili

Verdell alimwandika mtoto wa Renita kwenye fomu yake ya kodi, na hakumwambia Renita. Alifanya hivyo mwishoni mwa Januari, siku ya kwanza idara ya kodi ilipoanza kupokea fomu. Mtoto mmoja haandikwi na watu wawili kwa mwaka mmoja. Anayetangulia, fomu yake hupita. Anayefuata, yake hurudishwa. Renita alifuata.

Mapenzi yao yalikuwa yameanza mwaka mmoja nyuma, nje ya duka la kutayarishia kodi upande wa kaskazini wa Milwaukee. Kila Januari duka lile huajiri mtu wa kusimama kando ya barabara ndani ya vazi la sponji la kijani, lililochorwa kama noti ya dola mia, acheze na kuwapungia mkono wenye magari. Safari hiyo mtu mwenyewe alikuwa Verdell. Karakana ya matairi ilikuwa imempunguzia saa za kazi, na dola tisa kwa saa za kuruka kwenye theluji alizipenda kuliko kushinda kwenye kochi la dada yake. Alikuwa na miaka thelathini na minane, mrefu, na chini ya noti vilitokeza viatu vya kazi vyenye madoa ya grisi.

Renita alishuka kwenye basi akitoka kazini, koti lake la rangi ya zabibu limefungwa mpaka kidevuni, skafu ya njano, bahasha ameikumbatia kifuani. Akakanyaga barafu. Miguu ikaenda huku, yeye akaenda kule, na noti ya dola mia ikamdaka kiunoni.

"Niachie sasa," alisema baada ya kupata pumzi. "Watu watasema nakumbatia pesa hadharani."

"Waache waseme. Tangu nivae hili vazi hakuna aliyenikumbatia."

"Na kabla hujalivaa?"

"Bibie, ndiyo kwanza tumeonana. Mambo ya aibu tuyaachie kesho."

Renita akacheka, akaingia ndani. Alikaa kwenye foleni zaidi ya saa nzima, akimtazama kupitia kioo. Watu wote mle ndani walikuwa wamebeba bahasha kama yake. Mtu wa mshahara mdogo mwenye mtoto hukatwa kodi mwaka mzima, halafu mara moja kwa mwaka serikali humrudishia pesa nyingi kwa mpigo. Ndizo za kulipia gari, ndizo za kitanda kipya, ndizo za deni la umeme. Renita alikunja shuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja, na marejesho yale ndiyo pesa pekee alizowahi kuzishika zikafika elfu. Alipotoka alimkuta Verdell amevua kichwa cha noti, anakunywa kahawa, masikio mekundu kwa baridi. Akampa namba ya simu bila kuombwa.

Wakawa wanapigiana simu saa ya mapumziko ya Renita, yeye amekaa juu ya fungu la mataulo. Verdell akamwita Barafu. Yeye akamwita Mheshimiwa Noti, na akipiga simu alianza kwa kuuliza kama leo thamani yake imepanda au imeshuka. Ijumaa walikwenda kula samaki wa kukaanga na viazi kwenye baa ya kona, na Nyla, binti wa Renita mwenye miaka tisa, akaenda nao. Mei Verdell akahamia kwao.

Walikaa ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao ya Bi. Sobczak, mjane wa miaka themanini aliyeishi chini. Bibi huyo alitaka kuhamia Arizona kwa mwanawe. Alimpenda Renita kwa sababu alimsafishia theluji mlangoni miaka sita bila kudai kitu. Akamwahidi kumuuzia nyumba kwa malipo ya kidogo kidogo, bila benki, mradi ifikapo mwisho wa Machi awe na malipo ya kwanza, dola elfu tano na mia tano. Asipokuwa nazo, mwanawe atampa dalali aiuze. Renita alishapiga hesabu: marejesho yake yangekuwa dola elfu sita na mia moja. Nyumba ilikuwa yake, ilibaki fomu tu.

Verdell alijua hayo yote. Alikuwa mtu mwema, na hili ndilo linaloudhi. Alimnunulia Nyla viatu, akalipia gesi ya kupashia nyumba joto, akampeleka kuogelea Jumamosi. Renita ndiye aliyempa karatasi za mtoto akamwandikishe huko, na namba ya Nyla ya serikali, ile inayojazwa kwenye fomu ya kodi, Verdell akaishika kichwani. Mwalimu wa kuogelea alimwita baba Nyla. Hakumsahihisha.

Baba Nyla mwenyewe aliitwa Cortez. Miaka mitatu nyuma alimwandika Nyla kwenye fomu yake kwa ujanja, na Renita akahangaika miezi minane kupata haki yake. Hawakusemezana miaka miwili. Cortez alirudi vuli ile, akaomba radhi, na tangu hapo kila Jumapili alikuja kumchukua binti yake kwenda kula kwa bibi yake. Renita alimruhusu, lakini bado alisimama dirishani mpaka gari lipotee.

Sasa Januari ikafika, na Verdell akaenda na karatasi yake ya mshahara dukani alikokuwa akicheza. Mtayarishaji, mtu aitwaye Purvis mwenye tai fupi na kalamu tatu mfukoni, alimuuliza anaishi na nani.

"Na mwanamke wangu na binti yake."

"Mtoto anakula kwako?"

"Anakula."

"Viatu ananunua nani?"

"Mimi."

"Basi ni wako, kaka. Naandika mtoto wa kambo."

Verdell aliuliza kama hilo halitamharibia Renita. Purvis alimjibu kwamba kila mtu ana fomu yake, mama ataandika yake na yeye ataandika yake, serikali itajua yenyewe. Purvis alijua kwamba ni uongo. Alilipwa dola mia nne, na fomu yenye mtoto hulipiwa zaidi kuliko fomu isiyo na mtoto. Verdell aliamini kwa sababu alitaka kuamini. Alijiona Machi anamwekea Renita bahasha mezani, pesa za ziada za nyumba, bila kumdokeza mapema.

Siku kumi baadaye simu yake ililia akiwa amechutama kando ya gari la watu.

"Verdell, fomu yangu imerudishwa," Renita alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Kuna mtu ameshamwandika Nyla."

Verdell akaweka spana chini.

"Ni Cortez," Renita akaendelea. "Amerudia. Nilimfungulia mlango wangu, mpenzi, akarudia."

Hapo ndipo angesema. Sentensi moja ingetosha: ni mimi, sikujua, kesho asubuhi tunakwenda kurekebisha. Angetukanwa wiki moja, pengine angelala kwenye kochi. Badala yake alisema, "Una hakika?" na Renita akasema ana hakika.

Jumapili Cortez alikuja kama kawaida na shati lake la kwenda kanisani. Renita alimpokea kwenye ngazi. Alimwita mwizi, akamwambia anaiba kwa mtoto wake wa kumzaa, akamwambia hata mama yake anamwonea aibu. Nyla alikuwa nyuma yake, koti ameshalivaa, kofia ameshaivaa. Cortez aliapa kwamba mwaka huu hata fomu hajapeleka. Hakusikilizwa. Mwishoni alimgeukia Verdell, aliyekuwa akizoa theluji pembeni.

"Kaka, wewe unaniona mara ngapi hapa? Kweli mimi ningefanya hivi tena?"

Verdell alisema hayo ni mambo yao, yeye hayamhusu. Akaendelea kuzoa. Cortez akaondoka, na Jumapili iliyofuata hakuja.

Renita alituma fomu nyingine ya karatasi kwa posta, na fomu ya karatasi huchukua miezi. Mwanzoni mwa Machi, Verdell akapata zake, dola elfu tano na mia moja. Elfu moja kasoro ilikuwa jasho lake. Elfu nne na mia mbili zilikuwa za jina la Nyla. Alitoa elfu tatu, akampa Renita jikoni, akasema ni malipo ya saa za ziada. Renita alivaa aproni yenye unga, hakutaka kumchafua, akamkumbatia kwa viwiko.

"Mwingine anamwibia mwanawe," alisema, "na wewe usiyemzaa unampa."

Verdell alisema ale kwanza, chakula kinapoa.

Bi. Sobczak alisikitika, lakini elfu tatu hazikuwa elfu tano na mia tano, na mwanawe alishapata mnunuzi mwenye pesa taslimu. Aprili nyumba ikauzwa. Mwenye nyumba mpya hakuwahi kufika kuiona. Alituma barua ya kupandisha pango.

Mnamo tarehe ishirini na mbili ya Mei, Renita alitoka kazini mapema. Kwenye sanduku la barua kulikuwa na bahasha mbili za idara ya kodi, ukubwa mmoja, kidirisha kimoja. Ya kwanza ilikuwa yake. Akaisoma palepale kwenye ngazi: mtu mwingine amemwandika mtegemezi uliyemwandika wewe, na kama umekosea, rekebisha. Barua haikumtaja mtu huyo. Idara hutuma barua ileile kwa wote wawili waliomwandika mtoto, na haimtajii mmoja jina la mwenzake. Hapakuwa na haja. Bahasha ya pili ilikuwa na jina la Verdell.

Hakuifungua. Aliiweka mezani kando ya sahani yake, na Verdell alipoingia akaiona kabla hajavua kofia.

"Fungua," Renita alisema.

"Naijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulivyonipigia simu."

Renita alivuta kiti akakaa. Verdell alimweleza yote: Purvis, viatu, bahasha ya kumshtukiza. Alisema hakutaka kumwibia. Renita alisema anaamini hilo. Kisha akauliza zile elfu tatu zilitoka wapi, na Verdell akamsogezea ile bahasha.

"Kuandika ulikosea," Renita alisema. "Lakini Cortez alikuuliza wewe. Alisimama pale theluji ikimnyeshea akakuuliza wewe, mtoto anasikia."

"Niliogopa utaniacha."

"Sasa umefanyaje?"

Alitoa mkono. Verdell akavua ufunguo kwenye mnyororo, ukamchukua muda kwa sababu vidole vyake vilikuwa vinateleza kwa grisi. Akarudi kwenye kochi la dada yake. Jioni hiyo Renita alimpigia Cortez akaomba radhi, na Cortez akasema sawa, Jumapili atakuja.

Verdell alirekebisha fomu yake. Hakuacha kupiga simu, na Julai Renita akaanza kupokea. Siku moja, bila kukusudia, alimuuliza kama thamani yake imepanda au imeshuka, na wote wawili wakacheka kama zamani. Katikati ya Agosti walikutana kwenye duka la aiskrimu karibu na ziwa. Renita alivaa gauni la kitani la bluu, nywele amezisuka upya. Verdell alivaa shati aliloazima kwa shemeji yake, na mfukoni alikuwa na dola elfu moja na mia mbili alizokuwa amedunduliza.

"Zako," alisema. "Zikiungana na zile elfu tatu, ni zote za Nyla."

"Zangu zimefika, Verdell. Serikali imelipa. Hizi, pamoja na zile elfu tatu nilizokuletea leo kwenye bahasha hii, warudishie wao."

"Nikilipa, nirudi?"

Renita alimshika mkono, akauangalia kama mtu anayeangalia kitu anachokipenda dukani na hawezi kukinunua.

"Nakupenda," alisema. "Usiku naamka nakutafuta. Lakini kila utakaponyamaza, hata kama unatazama mpira tu, nitajiuliza unaficha nini. Siwezi kuishi hivyo, na wewe huwezi."

Verdell alisema anaweza. Renita alisema yeye hawezi. Walimaliza aiskrimu kwa sababu ilikuwa inayeyuka, Verdell akamsindikiza mpaka kituo cha basi, na hawakukutana tena.

Hesabu ya mambo yote ilikuwa hivi. Verdell alirudisha serikalini dola elfu nne na mia mbili, na faini ya mia nane na arobaini juu yake. Zile mia nne za Purvis hazikurudi. Renita alipata dola zake elfu sita na mia moja tarehe tisa Agosti, miezi minne baada ya nyumba kuuzwa, na pango likawa limepanda kwa dola mia moja na hamsini kila mwezi. Nyla alikosa Jumapili kumi na nne na baba yake. Hizo alizihesabu mwenyewe, kwa penseli, kwenye kalenda ya jikoni.