Mwali wa Miaka Miwili

Ndugu zangu wa Bigwa, mnaukumbuka mwaka ule wa tisini na nne. Asubuhi akina mama waliteremka kutoka Uluguru na matenga ya ndizi na maharage mabichi, wakisalimiana njia nzima, na harufu ya maandazi ya Filomena ikawapokea barabarani. Tulinunua, tukala, tukasifu. Hatukuuliza nani aliyeukanda unga ule.

Aliukanda Mwaisha, mtoto wa marehemu mdogo wake Filomena. Alipovunja ungo akiwa darasa la saba, aliwekwa ndani kama mila yetu Waluguru inavyotaka. Mwali haonwi, wala hatoki mpaka mjomba wake aje na ngoma na nguo kumtoa. Siku hizi mwali hukaa ndani majuma machache tu.

Mjomba hakuja. Severin, ndiye mjomba huyo, alikuwa amepunguzwa kazi kiwanda chao kilipouzwa, akapanda zake milimani na aibu yake. Mwezi ukawa mwaka, mwaka ukawa miwili. Mwaisha alikanda, akapukuchua mahindi, akasugua masufuria, yote katika chumba chenye dirisha lililozibwa kwa gunia. Filomena, mjane mwenye watoto wanne, alipata mfanyakazi asiyetoka nje, na mila ikamfunikia. Nasi tulipopita pale tulishusha sauti, tukijiona watu wenye adabu. Adabu gani ile?

Magreth, mwalimu mgeni shuleni, ndiye aliyekwenda kumuulizia Mwaisha. Filomena akamjibu huku akigeuza maandazi, "Mwalimu, mwali haonwi. Au kwenu mnawaanika wasichana kama dagaa?"

Tuliokuwa pale tukacheka. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya gunia, ndogo kama ya mgonjwa.

"Shikamoo, mwalimu. Mtihani wa darasa la saba umeshapita?"

Ulikuwa umepita mara mbili. Magreth akaitikia marahaba, kisha akatuuliza mjomba wa mtoto anakaa wapi.

Kesho yake alipanda mlima hadi kwa Severin, akamkuta akipalilia migomba. Severin alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nitamtoaje mwali kwa mikono mitupu? Ukoo utanicheka."

"Mikono mitupu inatosha kufungua mlango, mjomba," Magreth akamwambia.

Walishuka pamoja siku ileile. Mwaisha alitoka akiwa amefunika macho kwa viganja. Jua lilimuumiza, na hatua kumi zilimchosha. Hapakuwa na ngoma. Filomena alikaa chini mlangoni, akasema kwamba tangu amzike mdogo wake, hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anawalishaje watoto watano.

Kwa kuwa ardhi ya ukoo husemewa na wajomba, Severin aliomba radhi kwa kutoa kiwanja. Matofali tulifyatua wenyewe. Leo pale pana Kituo cha Walezi. Kila Alhamisi walezi huja kueleza yaliyowashinda, wakasaidiwa bila kusimangwa. Sharti ni moja: salamu za mtoto kupitia kwa mlezi hazipokelewi, mtoto mwenyewe aje. Filomena huwa wa kwanza kufika. Mwaisha alirudia darasa la saba, mrefu kuliko wenzake wote.

FUNZO

Mila isiyohojiwa hugeuka kufuli mkononi mwa mwenye shida. Tena anayelea yatima peke yake amefungwa pamoja naye. Basi msingoje kilio. Bisheni hodi, mwulizeni mlezi amekula nini, na msiondoke kabla hamjamwona mtoto.