Mstari wa Samawati

Kila siku vipindi vilipokwisha, wenzao walikimbilia mpira, lakini Nyanjige na Twaibu walikimbilia chumba cha kompyuta cha shule yao mjini Bariadi. Huko walirusha vyombo vya anga, na waliviangusha vingi kiasi kwamba mtu mwenye akili zake asingekubali kupanda hata kimoja.

Mchezo wao ulikuwa kurusha chombo kutoka duniani mpaka kiuzunguke mwezi. Mwalimu Respicius alikuwa amewaandikisha kwenye maonesho ya sayansi ya mkoa. Timu itakayotumia mafuta kidogo na kueleza njia yake vizuri ingekwenda Mwanza.

Nyanjige ndiye aliyeipata njia. Kwenye skrini, mwezi ulizungushiwa mstari wa samawati. Alipunguza mwendo kidogo tu, chombo kikauzunguka mwezi kwa duara pana, ndani ya mstari ule, nusura kiuguse, na hakikutoroka. Mafuta yakabaki tele. Twaibu akaandika kwenye bango kwa herufi nene: NJIA YETU ITAOKOA MAFUTA YA VYOMBO VYA KWELI.

Asubuhi ya maonesho, wakiwasubiri majaji, Nyanjige alifungua ukurasa wa maelezo ya mchezo.

"Twaibu, soma hapa. Chombo kikivuka mstari kuingia upande wa mwezi, mchezo unaizima nguvu ya uvutano ya dunia. Kinavutwa na mwezi peke yake."

"Si ndiyo raha yenyewe?"

"Angani dunia haizimwi! Ingeendelea kukivuta, na duara pana kama letu lingepinda mpaka chombo kipotee. Bango letu linasema uongo."

Twaibu alitazama huku na huku. "Punguza sauti, we! Kwani hao majaji wamewahi kufika mwezini? Mimi nimeshaaga watu mpaka kule kijijini Dutwa. Nikarudi kuwaambia nini?"

Nyanjige naye aliitaka Mwanza. Mama yake alikuwa ameshamwazimia begi kwa jirani. Hata hivyo alimfuata mwalimu.

"Mwalimu, tumekosea."

"Hesabu?"

"Hesabu ni sahihi kwenye mchezo. Tulichodai kwenye bango ndicho si kweli."

Mwalimu Respicius aliposikia yote, alichomoa kalamu nene mfukoni. "Bango ni lenu. Kalamu hii hapa."

Nyanjige akayafuta maneno yale kwa mistari miwili. Twaibu aliguna kama mtu anayechomwa sindano. Wino haujakauka, jaji akafika, mhandisi aitwaye Bi Valeria.

"Mbona mmeyakata maneno ya bango?"

"Tulidai makubwa, mama," Nyanjige alijibu. "Ukilima kwa ng'ombe wawili, mmoja akivuta pembeni, plau inakwenda upande. Mchezo huu, chombo kikivuka mstari, unamfungua ng'ombe mmoja. Angani wote wamo kwenye nira mpaka jioni."

Bi Valeria alicheka. "Na mafuta mliyookoa?"

"Ni ya kwenye mchezo. Angani tungehitaji mengine ya kukirudisha chombo njiani."

"Wenzenu kadhaa wamepita humo humo ndani ya mstari," alisema Bi Valeria, akiandika alama. "Nyinyi ndio wa kwanza kuniambia kwa nini mstari huo unawapendelea."

Shule yao ilipotajwa kuwa itakwenda Mwanza, Nyanjige alishusha pumzi ndefu, akakaa chini pale pale.

"Mwalimu, hata mimi nilikuwa na wazo la kuyakata yale maneno ya bango," alisema Twaibu.

"Nilikuona. Ulikuwa unaliwaza huku unaguna."

Walipocheka wakatosheka, mwalimu aliendelea. "Kutumia njia rahisi ya mchezo kumeruhusiwa, na mmeitumia vizuri. Ila mngewaambia watu kwamba mbingu nazo ziko hivyo, mngekuwa mnadanganya. Kazi yako ikiwa na mahali inapoishia, paseme wewe mwenyewe, mapema. Kuna siku mtu atapanda chombo akiamini neno lako."

Twaibu akanyoosha mkono kuomba kalamu. "Basi, Mwalimu, acha niyafute na yale niliyowaambia watu wa Dutwa. Niliwaambia tunakwenda mwezini."