Picha za Kilimia

Rafiki yangu mmoja ni mpiga picha za harusi, lakini moyo wake uko kwa nyota. Huwa tunamtania kwamba mabibi harusi wa duniani wamemchosha. Jioni moja, giza lilipoingia tu, alipanda juu ya paa la nyumba yake kupiga picha za Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana. Akaifunga kamera kwenye stendi, akaielekeza juu, akaiacha ijipigie yenyewe.

Akasikia mlango wa paa ukilia, kisha kandambili zikiburuzwa. Akajua ni mkewe.

“Usiwashe taa, mama watoto, utaniharibia kazi.”

Kandambili zikapita nyuma yake taratibu, zikasimama karibu na kamera.

Akatazama picha. Kwenye ya kwanza nyota zilikuwa safi, kama chumvi iliyomwagika. Kwenye ya pili, nusu yazo hazikuwepo. Ya tatu ilikuwa nyeusi tii.

“Umeniziba, mke wangu! Hebu sogea.”

Simu ikatetemeka mfukoni. Alikuwa mkewe.

“Baba watoto, tumechelewa. Ndiyo kwanza tunatoka kwa mama. Umekula?”

Rafiki yangu akawasha tochi. Paa lilikuwa tupu. Akaimulika kamera. Kioo cha lenzi kilikuwa na ukungu wa pumzi, na ukungu ule ulikuwa ukififia na kurudi, ukififia na kurudi.