Aliyechoka Kuzikwa

Kielekezi cha kompyuta kilikataa kukaa mwanzo wa ukurasa. Kila Kasiva alipofungua faili, kilirukia katikati, pale jina la marehemu linapoandikwa, kikapepesa na kupepesa kama jicho lililoingiwa na mchanga.

"Ni hii programu mpya," alisema Nuradin, fundi wa simu aliyekodi nusu ya duka la Kasiva. "Nilikwambia usiibadilishe siku ya kazi."

"Si ile ya zamani ilikuwa inanisumbua kila asubuhi? Niambie la kufanya, lawama weka kesho."

Saiba ya Kasiva, duka lake la kompyuta na uchapaji, iko chini ya jengo la ghorofa saba mtaani Kware, mahali ambapo hata adhuhuri huwashwa taa. Watu humletea picha za wafu wao, naye huwatengenezea vijitabu vya mazishi. Leo picha ilikuwa ya mama yake, Kavutha. Kesho angezikwa Kitui. Jioni hii ndugu yake Muindi angeondoka na gari la maiti, na bila kijitabu hicho Kavutha angeshuka kaburini bila neno hata moja lililo lake.

Alifuta jina la marehemu aliyetangulia, akabonyeza K. Programu ikaanguka, ikajifunga yenyewe.

"Zima, washa."

Alizima, akawasha. K. Ikaanguka.

"Chomoa printa. Rudisha mipangilio ya zamani."

Alichomoa, akarudisha. K. Ikaanguka.

"Haya, jaribu ukurasa mtupu."

Ukurasa mtupu ulifunguka, ukaandikika, ukatulia.

Nuradin alikuna ndevu. "Basi programu ni nzima. Shida ni faili yako. Uliitoa wapi?"

"Ni ile ile tangu nifungue duka. Nafuta marehemu, naandika marehemu. Nani ana muda wa kupanga kurasa upya?"

"Na wa kwanza alikuwa nani?"

Kabla hajajibu, duka lilinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi, mbichi, wenye mizizi. Ile faili ikajifungua yenyewe. Vitufe vikabonyea bila kidole, kimoja baada ya kingine: PATROBAS.

Kasiva alimkumbuka. Mlinzi wa kiwanda cha sabuni mtaani Baba Dogo, mteja wake wa kwanza. Siku ya pili tu alikuwa amemfuta, akamwandika mwingine juu yake, kisha mwingine, kisha mtaa mzima.

Vitufe vikaendelea. NIMECHOKA KUZIKWA.

"Subhanallah," Nuradin alinong'ona, mgongo ukutani. "Kasi, hili ni jini limevaa jina la mtu. Twende Eastleigh, namjua sheikh wa kulisomea dua."

Simu ikalia. "Kasi, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Muindi. "Dereva amewasha gari."

"Mwambie nakuja na mama mkononi." Akakata simu. "Nura, gari la maiti halingoji sheikh."

Akavuta kiti, akaukabili ukurasa mtupu.

"Sikia, Patrobas. Niliandika wengine juu yako. Hilo nimekubali. Lakini wewe na kilio chako hamtamfukia mama yangu. Foleni ni foleni, hata kwa wafu."

Akaanza kuandika, na kila sentensi aliihifadhi kabla ya kuvuta pumzi, akaandika kwamba Kavutha alilea watoto wawili kwa kupiga pasi nguo za watu kule mtaani Ziwani, kwamba aliimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya nzima na hakuna mchungaji aliyethubutu kumtuliza, kwamba alidanganya umri wake hata mbele ya daktari, huku taa ikififia, huku harufu ya udongo ikipanda kutoka sakafuni hadi magotini hadi kooni, huku printa iliyochomolewa ikisaga meno yake matupu, mpaka kitu baridi, kizito, chenye vidole, kikaulalia mkono wake wa kulia na kuukandamiza mezani.

Kasiva akaendelea kwa mkono wa kushoto.

"Wachana naye!" Nuradin alilia.

"Aachane nami yeye!"

Akapiga nukta ya mwisho. Vidole vikalegea. Nuradin akachomeka printa, na Kavutha akatoka nakala baada ya nakala, anacheka pichani, karatasi zikiwa moto kama mikate.

Kasiva alizifunga kwa leso yake. Kisha akafungua ukurasa mwingine mtupu, akaandika juu yake jina Patrobas, na hakuandika zaidi.

"Huu ni wako peke yako," alisema. "Hakuna atakayekulalia tena. Nikirudi nitachapa."

Akateremsha mlango wa chuma, akatia kufuli. Ndani, gizani, vitufe vikaanza kugonga. Polepole. Kimoja, kimya, kingine, kama mtu anayetafuta herufi.

"Kasi," Nuradin alinong'ona, "yuko bado."

"Namsikia." Aliinua mzigo wake begani. "Mwache. Anaandika."