Nyayo za Aliyetangulia

Tulikuwa wanne. Mimi, mke wangu, mdogo wake wa kiume, wa baba mmoja na mama mmoja, ambaye kwangu ni shemeji na kwa kazi ni fundi saa, na mlinzi wa hifadhi, ambaye jina hakulitaja, nami sikumwuliza.

Jua lilikuwa likizama. Mlinzi alibeba ndoo na kopo, akitia maji katika nyayo za dinosaria, kwa kuwa mwamba ukikauka hazionekani vizuri. Alijaza zile ndogo zilizotangulia. Zile kubwa, zilizozifuata, aliziacha kavu.

"Piteni pembeni," alisema. "Msikanyage ndani."

Shemeji alikwishavua viatu.

"Shemeji, huyu alivaa namba ngapi?" Akacheka, akaingia katika unyayo mdogo wa kwanza. Kisha wa pili.

"Toka huko!" dada yake alimkemea. "Mtu mzima hovyo!"

Hakutoka. Hatua zake zikarefuka... Kicheko kikakatika.

"Shemeji," alinong'ona, "nishike. Miguu haitaki kutoka."

Nikamshika mkono, nikavuta. Mke wangu akamkumbatia kiunoni. Alituburuta sote wawili kama matambara.

Ndipo niliposikia harufu ya tope. Tope bichi, juu ya mwamba mkavu.

Chubwi.

Niligeuka. Nyuma yetu, unyayo mkubwa ulikuwa umejaa maji.

Chubwi...

Na mwingine. Karibu zaidi.

"Mwambie aache!" nilimpigia mlinzi kelele.

"Nimwambie nani, mzee wangu?" Alitua ndoo chini. "Mwamba huu zamani ulikuwa tope. Huyo wa mbele alikuwa akikimbizwa. Ndiyo maana sisi hupita pembeni."

Nyayo zilikoma ukingoni mwa mwamba. Shemeji akaanguka majanini, mzima, bila mkwaruzo. Mke wangu akampangusa uso.

"Yamekwisha, mdogo wangu. Yamekwisha."

Shemeji alikuwa akitazama nyuma ya mabega yetu.

"Hajasimama, dada."

Tulimpeleka nyumbani kwetu, tukamlaza chumba cha katikati, tukafunga milango yote. Tuliketi naye kitandani, mmoja huku, mmoja kule. Tulisali tulivyojua. Hakuna aliyebisha hodi. Ila harufu ya tope iliingia barazani, ikapita sebuleni, ikasimama mlangoni pa chumba.

Mke wangu alinitazama nifanye jambo.

Sikuwa na la kufanya.

Shemeji yangu alifariki usiku huo, mikono yake ikiwa mikononi mwetu.