Taa ya Pampu ya Dawa

Kisa hiki nilisimuliwa na mjukuu wangu mwenyewe, Jumapili iliyofuata baada ya kutokea. Tulikuwa jikoni, yeye akimenya viazi, mimi nikimchunga asije akatupa nusu ya kiazi pamoja na maganda. Alinieleza mwanzo hadi mwisho bila kujipendelea, nami nakieleza vivyo hivyo.

Mjukuu huyo ana miaka kumi na miwili. Sote tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema mdomo wake haujapata likizo. Mama yake, binti yangu, ni mwendesha mitambo kwenye mtambo wa kusafisha maji ya mji. Jumamosi, shule zikiwa zimefungwa, Chiriku humfuata kazini na madaftari yake.

Chumba cha mama kina meza moja, na juu yake skrini moja, kibodi moja na kipanya kimoja. Lakini chini ya meza zimekaa kompyuta tatu. Ya kwanza inaongoza pampu kubwa zinazovuta maji mtoni. Ya pili inaongoza pampu ndogo inayotia maji dawa ya kuua vijidudu. Ya tatu ni ya barua na ripoti. Kando ya kibodi kuna kisanduku chenye vitufe vitatu. Ukibonyeza namba moja, unaiona na kuiendesha kompyuta ya kwanza. Ukibonyeza mbili, unahamia ya pili. Ukibonyeza tatu, vivyo hivyo.

“Ni kama mimi na nyinyi nyumbani,” mama alimweleza asubuhi ile. “Mama mmoja, watoto watatu. Nikimgeukia mmoja, wale wawili siwaoni, lakini hawajaacha mambo yao.”

“Na mambo yetu ni kupigana,” Chiriku akasema.

“Hizi hazipigani. Wewe usiziguse tu.”

Ilipokaribia saa nne na robo, mama alitaka kubadilisha pipa la dawa. Ili kulibadilisha, lazima pampu ya dawa isimamishwe kidogo. Akabonyeza namba mbili, akatoa amri, na skrini ikauliza: *Simamisha pampu ya dawa? Ndiyo. Hapana.* Kabla hajajibu, sauti ikaita kutoka nje:

“Mama Chiriku! Chujio limeziba! Majani matupu!”

Huyo alikuwa mpima maji, ambaye watu walimwita Bwana Chupa kwa kuwa hajawahi kuonekana bila chupa mkononi. Mama akaacha swali linaning’inia, akabonyeza namba moja, akavaa buti zake za mpira, akatoka mbio.

Chiriku akabaki peke yake. Alijua kuwa kwenye kompyuta ya tatu kulikuwa na mchezo wa chura anayeruka mawe. Akatazama mlango. Akabonyeza tatu. Skrini ikawa giza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, kisha chura huyo hapo! Kumrusha ni kugonga kitufe cha Enta. Gonga, ruka, gonga, ruka. Chura alikuwa amefika jiwe la ishirini aliposikia buti za mama zikija upesi.

Roho ikamruka. Mkono wa kushoto ukakimbilia kisanduku, na kwa pupa ukabonyeza namba mbili badala ya moja. Mkono wa kulia, nao ulishazoea, ukaendelea kugonga Enta: gonga, gonga, gonga, wakati skrini ingali giza. Hakujua kwamba giza lile ni la macho tu. Vidole vilikuwa vimeshafika kwenye kompyuta nyingine, na huko swali lilikuwa likingoja jibu, na Enta maana yake Ndiyo.

Skrini ilipowaka, aliona kitu chekundu. Kufumba na kufumbua akabonyeza moja.

“Spana yangu iko wapi?” mama akauliza akiingia. “Hii hapa. Hujagusa kitu?”

“Sijagusa, mama.”

Mama akatoka tena. Chiriku akakaa na daftari la hesabu, lakini tarakimu zote zilimwonekea nyekundu.

Saa tano ilipofika mama alikuwa bado amezama mpaka viwiko ndani ya chujio. Kila saa ilimbidi aandike kwenye daftari la zamu hali ya pampu. Akapaza sauti dirishani:

“Chiriku! Leo nakuruhusu. Bonyeza namba mbili, mbili tu, uniambie taa ya pampu ya dawa ina rangi gani!”

Chiriku akaweka kidole juu ya kitufe. Kidole kikagoma. Aliogopa kukiona tena kile chekundu, maana akikiona itambidi aseme.

“Ya kijani, mama!”

“Ahsante, macho yangu!”

Baadaye mama aliingia, akafuta mikono, akaandika: *Saa tano, pampu ya dawa sawa.* Chiriku aliitazama kalamu ikitembea.

Saa tano na nusu mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Bwana Chupa alisimama kizingitini ameinua chupa yake. Kwa kawaida hutia kidonge ndani ya maji, na maji yakiwa na dawa hugeuka rangi ya waridi.

“Tazameni,” alisema, na sauti haikuwa yake. “Nimetia kidonge. Nimetia cha pili. Meupe! Meupe kama yalivyotoka mtoni!”

Mama akabonyeza namba mbili. Taa nyekundu. Akashika meza kwa mikono miwili kama mtu aliyesukumwa.

“Imesimama! Nani kaisimamisha? Mimi niliulizwa tu, sikujibu!”

Akaiwasha palepale, kisha akampigia simu Mkuu wa mtambo, naye akaja akihema, miwani mkononi. Alilisoma daftari la zamu kwanza.

“Saa tano ilikuwa sawa,” alisema. “Basi ni nusu saa. Kutoka hapa hadi tangi la mlimani maji husafiri saa nzima, kwa hiyo mabaya bado yako bombani. Tutayamwaga njiani. Tangi ni salama, mji usifungiwe maji. Hospitali haiwezi kukosa maji bila sababu.”

“Afadhali,” Bwana Chupa akashusha pumzi.

Chiriku alihesabu. Hesabu iliyokuwa imemshinda tangu asubuhi sasa ilijifanya yenyewe kichwani: kutoka saa nne na robo hadi saa tano na nusu ni saa moja na robo. Maji yale hayakuwa bombani. Yalikuwa yameanza kuingia tangini, na kutoka tangini yanakwenda hospitali na kila nyumba.

“Mkuu,” akaita. Hakusikika. “Shikamoo, Mkuu!”

Mkuu akageuka. “Marahaba. Ngoja kidogo, mjukuu, tuna kazi.”

“Si nusu saa. Ni tangu saa nne na robo. Ni mimi. Nilicheza chura, nikabonyeza mbili, nikagonga Enta kwenye giza. Na saa tano sikutazama taa. Nilisema tu kijani.”

Mama akamtazama kama anamwona mtoto wa mtu mwingine.

“Umesema nini?” Si kwamba hakusikia.

Mkuu hakungoja arudie. “Fungeni tangi! Sasa hivi!”

Bwana Chupa alirukia pikipiki ya mtambo, chupa mfukoni. Baada ya dakika kumi na mbili simu ikalia: vali ya tangi imefungwa, na maji ya bomba linalotoka tangini yamepimwa, bado ni ya waridi. Yale mabaya yalikuwa ndani, hayajatoka. Mchana kutwa walitia dawa tangini na kupima, huku simu za watu wenye ndoo tupu zikilia mfululizo. Saa kumi Bwana Chupa alipiga kelele kutoka mlimani:

“Waridi! Tangi zima waridi!”

Hapo ndipo Chiriku alipolia, si kabla.

Mama alifungua daftari la zamu. Akapiga mstari kwenye neno “sawa”, akaandika kando: *Sikuitazama taa mwenyewe. Niliacha swali wazi.* Akatia sahihi, akampa Mkuu.

Mkuu alisoma, kisha akamwinamia Chiriku. “Ulikosa mara tatu, mjukuu. Kugusa, kukana, na kusema rangi usiyoiona. Kugusa kungetengenezwa kwa dakika moja kama ungesema palepale. Ule uongo wa saa tano ndio ungewafikisha watu hospitali, kwa sababu sisi tulipanga kazi yetu kwa kuutegemea. Leo umesema ukweli ukiwa umechelewa, na bado umefaa. Kesho usichelewe.”

“Ndiyo, Mkuu.”

Jioni nyumbani, mama alijitupa kitandani na nguo za kazi. Chiriku akaja kumvua soksi.

“Mama, utaniamini tena lini?”

Mama alifikiri, macho ameyafumba. “Kesho asubuhi nitakuuliza kama umenawa uso. Tuanzie hapo.”

“Na ukiniuliza nitasema kweli hata kama sijanawa.”

“Nawa, mtoto wewe,” mama akasema, na neno la mwisho likageuka mkoromo.

Chiriku alimfunika shuka, akalala miguuni pake. Alitaka kusema jambo moja zaidi, lakini usingizi ukamchukua mdomo ukiwa wazi.